PS5 au Xbox kwa mchezaji wa Tanga: huduma ipi ya mtandaoni ulipie?

Swali: Shikamoo mtaalamu. Niko Ngamiani, Tanga, nina Sh 1,800,000 nilizodunduliza kwa ajili ya konsoli ya kwanza nyumbani. Duka moja limenishauri nichukue Xbox Series S kwa kuwa ni nafuu na Game Pass ina mamia ya gemu. Wenzangu wanasema PS5. Binamu yangu wa Mombasa anacheza FC (gemu la soka la EA, zamani likiitwa FIFA) kwenye PS4, kaka yangu yuko Muscat na ana PS5. Wadogo zangu wawili wao ni Fortnite tu. Nyumbani tuna faiba ya Mbps 20, ikikatika nawasha hotspoti ya simu. Huduma ipi ya mtandaoni ni bora, na ninunue mashine ipi?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Nunua PS5 yenye mlango wa CD, kisha lipia PlayStation Plus Essential, kile kifurushi cha chini kabisa. Ila usikilipie siku ileile unayotoa mashine kwenye boksi. Sababu yake utaiona mbele.

Muuza duka hajakudanganya kuhusu Game Pass. Ni kwamba amejibu swali ambalo hukuuliza. Wewe unataka kucheza na watu wawili unaowajua kwa majina, na hao ndio wanaokuchagulia mashine.

Anza na binamu wa Mombasa, maana kwake ndiko kwenye mtego. FC inawakutanisha wachezaji wa PS5 na wa Xbox Series kwenye uwanja mmoja, na wa PS4 na Xbox One kwenye uwanja wao. Makundi hayo mawili hayachanganyiki. Ukiweka FC ya PS5, kaka yako wa Muscat utampata, lakini binamu hutamwona kabisa, ingawa nyote mko PlayStation. Watu hukesha wakizima na kuwasha ruta kwa tatizo hili, na ruta haina kosa lolote.

Dawa ni kwamba PS5 inacheza gemu za PS4. Ukiingiza CD ya FC ya PS4 kwenye PS5 yako, mfumo unakuhesabu mchezaji wa PS4 na binamu anatokea. Ndiyo maana nasisitiza mlango wa CD. CD ya PS4 iliyotumika ni rahisi kuipata na kuiuza tena, na huko Ngamiani watu wanabadilishana kila siku. Mambo mawili ya kukagua: gemu liwe la mwaka uleule kwa wote wawili, kwa kuwa FC 25 haikutani na FC 26, na kitufe cha crossplay kiwe kimewashwa ndani ya mipangilio ya gemu lenyewe kama mnavuka kutoka PlayStation kwenda Xbox. Series S haina mlango wa CD. Ukiichukua, kila FC utainunua dukani kwao mtandaoni kwa bei wanayotaka wao, na ukiichoka huwezi kumuuzia mtu.

Kipi kinalipiwa na kipi ni bure

Wadogo zako hawahitaji kifurushi chochote. Fortnite, eFootball, Rocket League na Apex Legends zinachezwa mtandaoni bila kulipia PS Plus. Kwa Xbox ni hivyohivyo tangu Aprili 2021. Kabla ya hapo ilikuwa lazima ulipe, na bado wako wauzaji wanaosimulia habari za zamani. Nintendo nao hawatozi kwa Fortnite.

Kinacholipiwa ni gemu ulilolinunua unapotaka kulicheza na mtu wa mbali. FC iko humo. Bila kifurushi bado utacheza mechi za nyumbani kwa pedi mbili, kazi ya ukocha na mashindano dhidi ya kompyuta. Kwa hiyo mwezi wa kwanza jipe nafasi: wadogo wacheze Fortnite, wewe jaribu eFootball na binamu bure, muone mtandao wenu unabeba nini. Ukiridhika ndipo ulipe.

Sasa fedha. Nachukua bei za Marekani kama kipimo, zile zilizowekwa Septemba 2023 kwa PlayStation na Oktoba 2025 kwa Xbox, na dola moja naihesabu Sh 2,500 ili hesabu iwe nyepesi. Bei hizi hubadilika, kwa hiyo ziangalie upya siku ya kulipa.

PS Plus Essential kwa mwaka ni dola 79.99, yaani kama Sh 200,000. Extra, inayoongeza maktaba ya mamia ya gemu za PS4 na PS5, ni dola 134.99, kama Sh 337,000. Upande wa Xbox, kilichokuwa kikiitwa Live Gold kilizikwa Septemba 2023, kikawa Core, na tangu Oktoba 2025 kinaitwa Game Pass Essential, dola 9.99 kwa mwezi. Ukikilipia miezi 12 mfululizo unafika karibu Sh 300,000. Premium ni 14.99 kwa mwezi, karibu Sh 450,000 kwa mwaka. Ultimate, ile ambayo matangazo yake yanang'aa zaidi, ilipanda siku moja kutoka dola 19.99 hadi 29.99 kwa mwezi, na kwa bei hiyo ya Oktoba 2025 mwaka mzima unakaribia Sh 900,000. Hiyo ni nusu ya fedha uliyonayo, na inarudi kila mwaka.

Unafuu wa Series S unaishia hapo. Mashine ni ya bei ndogo kwa sababu faida yao iko kwenye kifurushi.

Na bado FC mpya haimo ndani ya Game Pass siku inapotoka. Huingia baadaye kupitia EA Play, kifurushi cha gemu za EA wenyewe, ambacho kimo kwenye Ultimate, msimu ukiwa umeshakolea. Mtu anayependa kuonja gemu tofauti kila wiki, za mbio leo na za vita kesho, Game Pass inamfaa sana. Mtu wa FC mwaka mzima anailipia maktaba asiyoisoma.

Maktaba ya mamia ya gemu kwa Mbps 20

Mbps 20 zikiwa kamili ni kama GB 9 kwa saa. Gemu la GB 50 ni saa tano na nusu, na yako yanayozidi GB 100. Usiku mmoja unatosha gemu moja kubwa, si matatu. Kwa hotspoti usijaribu kabisa. Bando la mwezi litaisha kabla gemu halijafika nusu.

Kucheza kwenyewe hakuli data. Mechi za FC au Fortnite kwa kawaida ziko kati ya MB 50 na 150 kwa saa. Kinachoteketeza bando ni masasisho yanayojipakua wakati wewe umelala. Kwa hiyo kabla ya kuunganisha PS5 kwenye simu, ingia Settings, kisha Saved Data and Game/App Settings, kisha Automatic Updates, uzime kupakua na kusakinisha kwenyewe. Faiba ikirudi, unawasha tena.

Nafasi ya ndani nayo ihesabu. Series S ya GB 512 inakuachia kama GB 364 za kutumia. PS5 ya kwanza ya GB 825 inakuachia kama GB 667. Diski ya nje ya USB kwenye PS5 inaweza kuhifadhi gemu za PS5 lakini haziwezi kuchezwa kutoka humo; za PS4 zinachezeka moja kwa moja. Hiyo FC ya PS4 ya binamu iweke kwenye diski ya nje, uokoe nafasi.

Kutiririsha gemu bila kupakua, kunakotangazwa na pande zote mbili, kufute kwenye hesabu. Tanzania haimo kwenye nchi zilizofunguliwa huduma hizo.

Akaunti ya nchi gani?

Hapa ndipo wengi huharibu, na uharibifu wake haurekebishiki. Tanzania haimo kwenye orodha ya nchi unazoweza kuchagua unapofungua akaunti ya PSN (mtandao wa PlayStation), wala haimo kwenye nchi rasmi za Xbox. Masharti yao yanataka akaunti iwe ya nchi unayoishi. Kila anayecheza hapa anatumia akaunti ya nchi nyingine, na ajue kwamba siku ikitokea shida, huduma kwa wateja wanaweza kukataa kumsikiliza. Hili si jambo la nadharia. Mwaka 2024 Sony, wenye PlayStation, walipotaka wachezaji wa Helldivers 2 kwenye kompyuta wawe na akaunti ya PSN, gemu liliondolewa sokoni katika nchi zaidi ya 170 zisizo na PSN. Amri yenyewe waliifuta baada ya siku chache kwa makelele ya wachezaji.

Ukishachagua nchi kwenye PSN, haibadiliki maisha. Xbox wanakuruhusu kubadili mara moja kila miezi 3, na Nintendo unabadili unapotaka mradi salio liwe sifuri. Katika jambo hili PlayStation ndiyo ngumu kuliko zote, na ni kasoro ya kweli ya ushauri wangu.

Wewe lakini una bahati ya kaka. Oman imo kwenye PSN. Akaunti ikiwa ya Oman, yeye ananunua kadi ya PSN ya Oman huko Muscat, anakutumia namba kwa WhatsApp, nawe unamrudishia kwa njia mnayoizoea. Namba ya PSN ina tarakimu na herufi 12. Ya Xbox ina 25. Ya Nintendo ina 16. Mtu akikuuzia "code ya PS" yenye 25, ujue anakuuzia kitu kingine. Kadi lazima iwe ya nchi ileile ya akaunti, la sivyo inakataa, na muuzaji mara nyingi hataipokea tena.

CD yenyewe haina mipaka, ya Marekani inacheza kwenye mashine ya Dubai. Ila nyongeza za ndani ya gemu, kama pointi za FC, zinataka akaunti na CD ziwe za ukanda mmoja. CD nyingi zinazofika kwetu zinapitia Ghuba, na hiyo ni sababu nyingine ya kutokimbilia akaunti ya Marekani. Ukiona umenunua pointi na hazitokei, angalia hapo kwanza.

Kuna wanaouza akaunti tayari, imejaa gemu, kwa bei ya kuku. Usiguse. Aliyeifungua ana risiti za manunuzi na anaweza kuirudisha kwake siku yoyote, na zikigundulika zinafungwa, pengine pamoja na konsoli.

Pingi, na kwa nini Mbps haziisaidii

Pingi ni muda, kwa milisekunde, ambao data inachukua kwenda kwenye seva na kurudi. Mbps ni upana wa njia. Mechi inataka ufupi wa njia. Ndani ya nyaya za faiba, kila kilomita 100 za umbali zinaongeza milisekunde 1 ya kwenda na kurudi, na hakuna kifurushi kinachopunguza hiyo. Kutoka Tanga data yako inashuka Dar es Salaam, kama kilomita 350, kisha inaingia baharini kwenye nyaya kama SEACOM na EASSy, ambazo zote zinaibukia Mtunzini, Afrika Kusini.

EA ina seva Johannesburg, kwa hiyo FC kwa mtu wa Tanga inachezeka vizuri. Pingi ikikaa chini ya 80 usilalamike. Seva za Ulaya ziko kama kilomita 10,000 za waya, hivyo 100 ni kiwango cha chini kabisa kisichovukika, na kwa kawaida utaona 130 hadi 180. Fortnite haina seva Afrika. Wadogo zako waingie kwenye mipangilio ya gemu, walinganishe pingi ya Europe na ya Middle East, wachague iliyo ndogo kwa mkono. Usidhani Middle East itashinda kwa kuwa ramani inaonyesha iko karibu. Data mara nyingine hupandishwa Ulaya kwanza ndipo irudishwe Ghuba.

eFootball ni tofauti. Mechi ya wawili inaunganisha nyumba kwa nyumba, hivyo umbali ni wa kwako na mpinzani. Na binamu wa Mombasa inaweza kuteleza kama maji, na kaka wa Muscat ikasuasua. Upande wa kulipia konsoli hauna athari yoyote hapo: PS Plus na Game Pass haziongezi kasi wala hazipunguzi pingi. Nyaya zikikatika baharini, kama SEACOM na EASSy zilivyopatwa Mei 2024, wa PS na wa Xbox wote mtalala mapema.

Kinachoharibu pingi ndani ya nyumba mara nyingi ni Wi-Fi. Waya wa LAN wa mita 10 ni fedha ndogo na unatibu zaidi ya kuongeza Mbps. Kama waya haufiki, unganisha kwenye Wi-Fi ya 5 GHz, si 2.4, na ruta iwe chumba kimoja na konsoli.

Baada ya hapo pima NAT, yaani jinsi ruta yako inavyowaruhusu wachezaji wengine kukufikia. Kwenye PS5: Settings, Network, Connection Status, Test Internet Connection. Ukiona Type 2, umemaliza. Type 3 maana yake utaingia kwenye mechi za seva lakini mialiko ya marafiki na sauti zitakuwa zinagoma, hasa na mwenzio naye akiwa Type 3. Xbox huita hali hiyo Strict. Washa UPnP kwenye ruta (inairuhusu ifungue njia za gemu yenyewe), zima ruta dakika moja, uiwashe, upime tena. Ikibaki vilevile, soma anwani ya WAN ndani ya ruta, ile inayopewa na mtoa huduma. Ikianza na 10, au na 100 ikifuatiwa na namba kati ya 64 na 127, mtoa huduma amewaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja, na hakuna utakachobadili mwenyewe. Piga simu uombe anwani ya IP ya umma. Wengine huitoa kwa ada. Hotspoti ya simu karibu daima iko hivyo, kwa hiyo usiitumie kupimia.

Maongezi msihangaike nayo. Vyumba vya sauti vya PlayStation na vya Xbox havionani, lakini simu ya WhatsApp ikiwekwa spika juu ya kochi inafanya kazi kwa wote, na ndivyo wengi wanavyofanya.

Umeme na mtandao vikikatika

Xbox wanastahili sifa yao hapa. Kumbukumbu za gemu wanazihifadhi mtandaoni bure, hata kwa asiyelipa shilingi. PlayStation wanataka PS Plus ndipo wakupe GB 100 za kuhifadhia za PS5. Mashine ikifa au ikiibiwa kabla hujalipia, msimu wako wa ukocha umekwenda nayo. Kwa mtu anayecheza peke yake nje ya mtandao, hii pekee inaweza kumpeleka Xbox, na nisingembishia.

Kwenye PS5 ingia Settings, Users and Accounts, Other, kisha Console Sharing and Offline Play, uwashe. Ikiwa imezimwa, gemu ulizopakua zitagoma kufunguka siku faiba imekatika. Kitufe hichohicho ndicho kinachowawezesha wadogo zako, kila mmoja na akaunti yake, kutumia PS Plus moja uliyolipia wewe. Inawashwa kwenye PS5 moja tu kwa akaunti. Gemu za Game Pass nazo hucheza bila mtandao kwenye Xbox iliyowekwa kuwa ya nyumbani, ila lazima uguse mtandao angalau mara moja kila siku 30.

Usiiache PS5 kwenye Rest Mode (hali ya usingizi) usiku. Umeme ukikatika katikati ya kuandika data, unaamka na ujumbe wa kukagua hifadhi, na siku mbaya faili linaharibika. Izime kabisa. UPS ya 650 VA itabeba konsoli na TV ndogo kwa dakika chache za kuhifadhi na kuzima, na kijibetri cha volti 12 kitaishikilia ruta. Stebilaiza peke yake haisaidii umeme ukizimika.

Nintendo hukuiuliza, nami sitaikawiza: Switch Online ni dola 19.99 kwa mwaka, kama Sh 50,000, rahisi kuliko wote, na ya familia ya watu hadi 8 ni 34.99. Lakini FC ya Switch ya kwanza haikutani na PS wala Xbox. Hapo kaka na binamu wote umewapoteza.

Siku ya kununua

Kama PS5 ya CD itameza fedha zote, bora ungoje kidogo ubakize Sh 200,000 za kifurushi, au ununue karibu na mwisho wa Novemba, wakati PS Plus ya mwaka mara nyingi hupunguzwa kwa wasiokuwa nayo. Hiyo ndiyo sababu nyingine ya kutolipia siku ya kwanza kwa bei kamili. Ukishalipia, zima kujihuisha kwenyewe, la sivyo salio lolote utakalokuja kuweka kwa ajili ya gemu litachukuliwa.

PS5 Slim ina kisoma CD kinachochomoka. Kikiwa kipya kinataka mtandao mara moja ili kitambulike na mashine, kwa hiyo ya mtumba ijaribu dukani na CD ndani mpaka gemu lifunguke. Umeme wake ni volti 100 hadi 240, hivyo iwe imetoka Dubai, Marekani au imepita Horohoro kutoka Mombasa, haihitaji transfoma.

Kwa ya mtumba, usitoe fedha kabla hujaingia na akaunti yako mwenyewe kwa hotspoti yako na kuliona duka la PlayStation likifunguka. Konsoli iliyofungiwa inacheza CD vizuri kabisa mbele ya macho yako, na inakataa pale tu unapoingia mtandaoni. Na ukiambiwa ni PS4 "imechipiwa, ina gemu 60 ndani", muulize muuzaji mara ya mwisho iliingia PSN lini. Hiyo ikisasishwa tu ili iingie mtandaoni, gemu zote 60 zinaacha kufunguka.